Mshahara wa Kunyonyesha

Sehemu ya Saba

"Mtoto gani?"

Hilo ndilo swali alilouliza Bi Mahbuba wiki iliyopita, kasimama mlangoni kwake mtaani Darsait, mikono mitupu, uso mkunjufu kama kaulizwa bei ya vitunguu. Na mimi, kwa roho mbaya niliyojaaliwa, nikawaachia hapo hapo. Mmoja wenu kaniandikia kunilaani mimi na babu zangu. Haya, babu zangu wamesikia. Tuendelee.

Nawar alikuwa kamwachia mama yake mtoto wa miezi sita kwa asubuhi moja tu. Yalikuwa majaribio. Jumapili inayofuata likizo yake ya uzazi ilikuwa inakwisha, arudi kazini kwenye kampuni ya bima kule Qurum, na Khattab alelewe na bibi yake, kama walivyolelewa watoto wote wa ukoo ule na nusu ya watoto wa jirani.

"Khattab, mama! Mwanangu! Si nimekuachia hapa asubuhi?"

"Khattab..." Bi Mahbuba akaliweka lile jina mdomoni kama anayeonja chumvi. "Si umeondoka naye?"

Nawar akampita mbio. Chumbani, hamna. Jikoni, hamna. Chooni, hamna. Akafungua kabati. Akafungua mashine ya kufulia, akatia mkono ndani kupapasa. Juu ya kitanda palikuwa na chupa ya maziwa. Imejaa. Imepoa.

Akashuka ngazi ghorofa tatu bila viatu. Nje jua la Juni lilikuwa limeilalia barabara, hapana hata paka.

Na hapo chini, katikati ya duka la matairi na duka la vipuri, akamwona.

Khattab alikuwa juu ya meza ya kukatia nguo, kwenye duka la fundi cherehani. Kalala fofofo. Kazungushiwa mabunda ya kitambaa cha kanzu za dishdasha asianguke, na feni ya pekee ya duka imeelekezwa kwake. Fundi mwenyewe kakaa pembeni anatiririkwa na jasho, chakula chake cha mchana hakijafunguliwa.

"Mama kasema nimshike dakika tano," akasema fundi, kwa Kiswahili alichofundishwa na Bi Mahbuba mwenyewe miaka yote hiyo ya kushonewa. "Kasema anakwenda kununua bizari. Tangu saa tatu na nusu."

"Na kwa nini usimpandishe juu?"

Fundi akainamisha kichwa. Alikuwa mtu mzima, mwenye wajukuu kwao.

"Nimepanda, bibi. Mara mbili. Mama kasema nimekosea mlango."

Msicheke. Hata mimi sikucheka, na mimi hucheka mazishini.

* * *

Aliporudi juu na mtoto kifuani, alimkuta mama yake kakaa kwenye ngazi, nje ya mlango, kichwa wazi, mtandio magotini. Alipomwona Khattab, kitu kikamrejea usoni. Kilirejea chote kwa mara moja, na Nawar akatamani kisingerejea.

"Nimemsahau," akasema Bi Mahbuba. "Ee? Nimemsahau kwa fundi."

"Yuko salama, mama."

"Nimesahau vingi, mwanangu. Nimesahau sufuria motoni. Nimesahau rakaa. Lakini leo mara ya kwanza kusahau kitu chenye roho."

Wakakaa pamoja pale ngazini, watu watatu, mmoja wao akinyonya.

"Sinan asijue," akasema mama.

Sinan ni kaka yake Nawar, mkubwa wake kwa miaka kumi, mtu wa cheo, mwenye nyumba Qurum. Anampenda mama yake sana. Anampenda kwa amri.

"Wala mumeo asijue. Mumeo akijua, Sinan kesha kujua kabla chai haijapoa. Atakuja kunichukua anipeleke kwake. Nyumba ina kamera mpaka jikoni! Mtu akitaka ndimu mbili apande gari. Hapa, nikipotea, mwenye duka la mkate ananirejesha. Hizi kuta zenyewe zinanambia mie nani. Nipeleke Qurum, Nawar, nnakwambia kwa mwezi mmoja nimekwisha."

"Mama..."

"Niahidi."

Nawar akaahidi. Mtoto kifuani, mkono wa mama mkononi, angeahidi hata kuhamisha jabali.

Ahadi ile, wasomaji wangu, ilikuwa na bei yake. Riali elfu moja mia nane na sitini. Nitawaeleza upesi, maana najua hesabu huwatia usingizi.

Serikali inampa mzazi siku zake tisini na nane. Kampuni ya Nawar, kwa kutaka kusifiwa, ikaongeza miezi mitatu ya mshahara kamili. Wakamfanyia na sherehe, keki ina krimu ya waridi. Ila kwenye ukurasa wa nne wa makubaliano paliandikwa kwamba anayepokea nyongeza sharti arudi afanye kazi mwaka mzima. Asiporudi, anarejesha nyongeza yote.

Nawar alisaini akiwa na tumbo la miezi minane, kalamu mkono wa kulia, keki mkono wa kushoto. Nani husoma ukurasa wa nne na krimu inayeyuka?

Sasa hawezi kurudi. Mtoto angeweza kumpeleka kwa walezi wa kulipwa. Lakini mama? Tangu siku ile alikuwa na wa kulea wawili, na yule mmoja hakuna kituo kingempokea bila Sinan kuulizwa.

* * *

Jumapili Nawar akaenda Qurum kusema harudi.

Mkuu wa utumishi wa kampuni ile anaitwa Lamya. Ni hodari, ni mkali, na ni mke wa Sinan. Wifi mtu! Ndiye aliyemtafutia Nawar ile kazi.

"Unanifanyia mzaha," akasema Lamya.

"Sikufanyii, wifi. Mtoto bado mdogo."

"Wote huzaliwa wadogo, habibti. Sijaona aliyezaliwa na ndevu. Na mama yupo! Mama kanilelea watatu wangu. Mpaka leo wakiumwa wanamlilia yeye, mie nimesimama pale kama taa ya barabarani."

Nawar akatazama dirisha.

Lamya akainuka, akafunga mlango. Akarudi na sauti nyengine, ya nyumbani.

"Nisikilize. Kuna njia moja. Kukiwa na ugonjwa, wa mtoto au wa mtu anayemlea, niletee karatasi ya daktari. Moja tu. Nafuta deni lote kwa saini yangu, na hata mkurugenzi haniulizi. Kuna mtu mgonjwa kwenu?"

Hapa nawasikia. Mnapiga kelele mpaka chai inamwagika: sema, wewe mwanamke, sema! Mimi pia nilimwambia. Hanisikii, nimemwandika mkaidi.

"Hakuna," akasema Nawar.

"Mtoto mzima?"

"Mzima."

"Mama mzima?"

"Mama mzima kuliko mimi na wewe."

Uso wa Lamya ukafungwa kama duka saa ya sala.

"Khalas. Basi ulitaka kula pesa na kustarehe nyumbani. Na jina lililokudhamini hapa ni langu. Siku thelathini, Nawar. Sina wifi ofisini."

Akamsogezea karatasi. Mara hii Nawar alisoma kurasa zote, kisha akasaini.

* * *

Loay, mume wake, anafanya kazi kwenye mtambo wa maji Qurayyat na hurudi kila Alhamisi. Ni mtu wa utani. Alimposa Nawar kwa utani, na siku ya ndoa alimchekesha kadhi mpaka kadhi akarudia khutba. Alhamisi ile akaingia na samaki kwenye mfuko wa barafu, kampigia mlango kwa kiwiko.

"Bint Msellem! Nimekuletea nguru. Nimemwambia wewe hupendi miba, kaahidi kujirekebisha."

Nawar hakucheka. Akamwambia lile la kazi. Akamwambia na kiasi.

Loay akauweka mfuko mezani taratibu.

"Na mkopo wa nyumba tulioupiga hesabu kwa mishahara miwili?"

"Najua."

"Na mama? Si tulikubaliana mama atamlea?"

"Nimebadilisha mawazo."

"Kwa nini?"

Nawar akamweka sawa Khattab begani.

"Nipe sababu moja, Nawar. Moja. Hata ya uongo, lakini iwe nzuri, nijue umehangaika kunitungia."

"Nataka kukaa na mwanangu."

"Hiyo mbaya." Sauti yake ilikuwa haina utani tena. "Mimi nakujua. Ulikuwa unahesabu siku za kurudi kazini, umenunua na viatu. Kuna kitu, na unaona bora kukikalia peke yako kuliko kunambia mie."

Angalimwambia. Ulimi ulikuwa ushafika kwenye meno. Lakini akauona ule mkono wa mama ngazini, akanyamaza, na Loay akaona ananyamaza.

"Basi," akasema.

Akambusu Khattab, akachukua ufunguo wa gari, akarudi Qurayyat Alhamisi ile ile aliyokuja. Samaki akabaki mezani anadondosha maji, mpaka Nawar akapata nguvu za kumwondoa.

* * *

Ilibaki dhahabu.

Nyinyi mnajua desturi. Binti akiolewa, bangili anavaa siku saba, kisha zinarudi kwenye sanduku la mama yake, maana benki hufilisika na mume hubadilika, ila sanduku la mama lipo pale pale. Ya Nawar ilikuwa humo tangu arusi, na ile aliyotunzwa alipozaa, siku ya arubaini.

Tangu Loay aondoke, Nawar alikuwa analala kwa mama yake, na asubuhi moja akamfuata jikoni.

"Mama, naomba ufunguo wa sanduku. Nachukua dhahabu yangu."

Bi Mahbuba alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Dhahabu gani?"

Nawar akavuta kigoda, akakaa karibu yake.

"Bangili zangu, mama. Na mkufu aliotoa babake Loay."

"Mie sina dhahabu ya mtu, mwanangu. Labda umeweka kwengine."

Sanduku halikuwa limefungwa hata. Nawar akalifungua: leso, karafuu maiti, picha za Unguja zimepauka. Basi. Akapapasa mpaka chini, kama alivyopapasa ile mashine ya kufulia.

Akarudi jikoni, akainama, akambusu mama yake kwenye paji.

"Haidhuru, mama. Nitaitafuta kwangu."

Akaenda kulia chooni, kafungua bomba ili asisikike.

Sasa nawanong'oneza jambo ambalo Nawar hakulijua. Siku ile Bi Mahbuba hakusahau kitu. Alikuwa timamu kuliko saa ya msikiti. Usiku wa jana yake alimsikia mwanawe akimwomba Lamya kwa simu amwongezee siku, na alisikia jibu. Kwa hiyo alijifanya. Mwanamke anayesahau kweli alijifanya anasahau, na nani angeweza kumkamata?

Alikuwa na mpango wake. Aliuandika kwenye kipande cha karatasi usije ukamponyoka, akakitia ndani ya kiganja.

* * *

Jumatatu, saa nne asubuhi, Nawar alimlaza Khattab, naye akapitiwa na usingizi ubavuni pake. Dakika ishirini. Alipoamka mlango ulikuwa wazi na ndara za mama hazipo.

Kabla hajapiga kelele, simu ikalia. Lamya.

"Njoo ofisini," akasema. Sauti yake ilikuwa imelowa. "Njoo sasa hivi. Mama yuko hapa."

Sijui aliendeshaje gari. Yeye pia hajui. Anachokumbuka ni kwamba aliingia kwenye ule ukumbi wa marumaru, mtoto begani, mtandio umemwangukia nyuma, na wafanyakazi wote wa mapokezi wakamtazama, kisha wakatazama chini.

Bi Mahbuba alikuwa kwenye kochi la wageni, kavaa abaya yake ya Idi. Mbele yake, juu ya meza ya kioo, bati la biskuti liko wazi, na ndani yake dhahabu. Haikuwa ya Nawar. Mlikuwa na kikuku, kipini, mkufu wa paundi, zile bangili nene alizotoka nazo Unguja kazishonea ndani ya gauni. Dhahabu ya maisha mazima, imeletwa kwenye kampuni ya bima ndani ya bati la biskuti.

Lamya alikuwa kapiga magoti sakafuni, suti yake ya ofisi na yote, anamshika miguu.

"Kaja na teksi," akasema Lamya. "Kamwambia mlinzi: nimekuja kulipa mshahara wa kunyonyesha wa mwanangu. Mlinzi kadhani ni mzaha. Mie nikashuka. Nawar, kanambia yote. Fundi. Dakika tano. Ile ahadi. Kanambia: 'Andika mimi ndiye mgonjwa, mwanangu hakula pesa ya mtu.' Robo saa nzima kazungumza, kanyooka, mpaka nikaona haya ya maneno yangu yote. Halafu akanyamaza. Akanitazama, akaniuliza..." Akashindwa. "Akaniuliza mie wa nani."

Nawar akakaa kwenye kochi. Polepole, kama anayekaa karibu na ndege asije akaruka.

Bi Mahbuba akamgeukia. Akamtazama yeye, akamtazama mtoto, akatabasamu tabasamu la adabu, lile la kumpa mgeni kwenye harusi.

"Mashallah, mtoto mzuri. Samahani, bibi. Wewe unafanya kazi hapa?"

"Nilikuwa," akasema Nawar.

"Basi labda unamjua mwanangu. Nawar. Msichana mrefu, mkaidi."

Mnataka kujua Nawar alijibu nini?

"Namjua."

"Hali yake?"

"Mzima. Anakusalimu sana."

Bi Mahbuba akashusha pumzi. Akatoa leso iliyofungwa fundo chini ya abaya, akamtia mkononi. Ndani zilikuwamo bangili za arusi na ule mkufu, hakikukosekana kitu.

"Mpelekee. Mwambie hizi zake, asiziuze. Hizo za kwenye bati ndizo za kuuza, hizo zangu."

Lamya akainuka kujifuta uso, akalishika bati alifunge. Chini ya bangili palikuwa na karatasi, imekunjwa mara nne. Akaikunjua. Ilikuwa ya hospitali. Ile ile aliyoitaka! Jina la mgonjwa, ugonjwa wake wa kusahau, mhuri wa daktari. Karatasi moja ya kufuta deni lote.

Kisha akaiona tarehe. Ya mwaka juzi. Khattab alikuwa hajatungwa hata mimba.

Na chini, pale anaposaini jamaa aliyempeleka mgonjwa, palikuwa na saini. Lamya hakuhitaji kulisoma jina. Anaiona saini ile kwenye hundi za ada ya watoto kila muhula.

"Nawar," akasema, rangi imemtoka. "Hii saini ya mume wangu."

Milango ya kioo ikafunguka. Sinan, ambaye Lamya alimpigia simu pia, akaingia kwa hatua za mtu aliyeacha gari katikati ya njia, kilemba kimekaa upande. Akamwona mama. Akaliona bati. Akaiona karatasi mkononi mwa mkewe, na akasimama.

"Ulijua," akasema Nawar.

"Nawar, nisikilize..."

"Miaka miwili ulijua. Ulikula chakula cha mchana na sisi siku niliyosema mama atamlea Khattab. Ulikuwa unapakua wali. Ulijua, ukanyamaza?"

Sinan akakiweka sawa kilemba chake. Mtu wa amri, hana amri.

Lakini Bi Mahbuba alikuwa keshamwona, na yeye, yeye alimjua. Uso ukamng'ara wote.

"Sinan! Njoo, baba, njoo hapa." Akaushika mkono wa Nawar kwa nguvu asiende, kama anayeshika mkono wa shahidi, akainama mbele, akanong'ona kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima ile ahadi aliyokuwa kaisahau siku ile ngazini:

"Uliniahidi, eti? Kama alivyoniahidi na Loay? Nawar asijue kitu, mpaka amalize kunyonyesha. Na huyu bibi hapa ni shahidi."